Kupanga Chumba Kisumu kwa Mwanafunzi Mgeni: Pima Njia Kabla ya Nyumba

Mwanafunzi anayeshuka Kisumu kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: mtaa gani ni salama? Atajibiwa Milimani, kisha atatajiwa kodi ya Milimani, na mazungumzo yataishia hapo. Swali lenyewe ndilo bovu. Mtaa mmoja wa mji huu huwa na kichochoro ambamo akina mama hukaanga samaki hadi saa tatu usiku, na kingine, hatua mia mbele, ambacho hata mwenyeji hukikwepa giza likiingia. Vyote viwili vinaitwa jina moja. Kinachokuhusu wewe ni njia: kutoka unaposhukia matatu hadi kwenye kitasa cha mlango wako, kwa saa utakayopita. Hiyo ndiyo unayoilipia kodi, ingawa risiti itataja chumba tu.

Jitengee siku nne au tano kabla ya masomo kuanza, na uwe na pa kulala kwa muda: kwa jamaa, hosteli ya chuo au gesti. Aliyebeba sanduku hapangi chumba, hupangishwa.

Hatua ya 1: Andika saa zako kabla ya bajeti

Anza na barua ya kujiunga na chuo. Ikisema Chuo Kikuu cha Maseno, soma vizuri ni kampasi ipi, kwa sababu kampasi kuu iko Maseno, kama kilomita 25 kutoka mjini kwa barabara ya Busia. Kuna wanaolipa kodi Kisumu ndipo wagundue kwamba watapanda matatu ya Maseno kila siku.

Kisha chukua ratiba na uandike saa ya kutoka na ya kurudi kwa kila siku ya wiki, ukiongeza saa moja ya maktaba au majadiliano ya kikundi. Kisumu jua hutua kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni hivi mwaka mzima, na ikifika saa moja na nusu ni giza tupu. (Mgeni kutoka Mombasa hudhani ana muda zaidi kwa kuwa jua la huku huchelewa kama dakika 20. Kutua likishatua, hata hivyo, giza haliji polepole.) Asubuhi nako hukucha kati ya saa 12:20 na 12:50, kwa hiyo kipindi cha saa moja asubuhi maana yake ni kutoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri. Mwanafunzi wa uuguzi mwenye zamu za usiku katika Hospitali ya Jaramogi, ambayo kila mwendesha boda anaijua kwa jina la Russia, ana mahitaji tofauti kabisa na mwenzake wa biashara anayemaliza masomo saa tisa alasiri.

Zungushia duara kila safari inayoangukia gizani. Zikizidi tatu kwa wiki, ukaribu na chuo utangulie ukubwa wa chumba.

Hatua ya 2: Punguza mitaa hadi mitatu

Mji unaelezeka kwa barabara zake kubwa. Ukishika ya Kakamega utapita Kibuye, Russia na Kondele, na mbele yake kuna njia za kuingia Migosi na Kenya Re, kisha Mamboleo. Ukishika ya Nairobi utafika Nyamasaria. Ya Busia inakwenda Bandani, uwanja wa ndege na Otonglo. Upande wa ziwa kuna Milimani, na Ring Road ndiyo inayoitenga na Nyalenda. Ukivuka lami hiyo moja, kodi inashuka sana na mambo mengine yanabadilika nayo.

Wanafunzi wengi huangukia kati: Migosi, Kenya Re, Tom Mboya, Lolwe, au pembe za Manyatta na Nyalenda zilizo karibu na lami. Usiifute Manyatta kwa kuwa umesikia vibaya, wala usiiamini Migosi kwa kuwa umesikia vizuri. Chagua mitatu unayoweza kutembea kwa miguu hadi chuoni kwa dakika 25, yaani kama kilomita mbili, au unayofikia kwa matatu moja bila kubadilisha gari. Kubadilisha gari usiku ni kusimama gizani mara mbili.

Fanya hesabu hii kabla ya kupumbazwa na kodi ndogo. Tuseme chumba cha mbali ni shilingi 3,500, na boda ni 50 asubuhi na 100 usiku. Kwa siku 22 za masomo hiyo ni 3,300, kwa hiyo chumba chako kimefika 6,800. Chumba cha shilingi 6,000 unachokifikia kwa miguu katika njia yenye watu ni rahisi kuliko hicho, na hakikulazimishi kuamua saa mbili usiku kama utatumia mia ya mwisho kwa boda au kwa chakula. Wengi huamua chakula, kisha hutembea.

Hatua ya 3: Tembea njia mara tatu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Mara ya kwanza nenda mchana, polepole, kutoka steji hadi getini. Hesabu hatua. Tafuta ukuta mrefu usio na mlango, uzio wa mabati wa kiwanja kisichojengwa, mtaro usiofunikwa, kona usiyoona nyuma yake. Watu huogopa kichaka, lakini kichochoro chenye kuta ndefu pande zote mbili ni kibaya zaidi: huna pa kukimbilia, na mtu mmoja mbele na mwingine nyuma wanatosha kukufunga. Kipimo chema ni hiki: usipite hatua 100 bila kukuta mlango ulio wazi au mtu aliyeketi na biashara yake.

Mara ya pili nenda kati ya saa moja na nusu na saa mbili usiku, na mwenzako mmoja, simu ikiwa mfukoni. Sasa hesabu taa zinazowaka, si nguzo. Mlingoti wa mulika mwizi unaweza kusimama mwaka mzima bila kutoa hata nuru ya kiberiti. Angalia duka la mwisho linalobaki wazi kabla ya geti, na dirisha la wakala wa M-Pesa. Wakala ana pesa taslimu na anaujua mtaa wake. Akifunga saa kumi na mbili jioni wakati wenzake wa steji wanaendelea hadi saa tatu, amekupa jibu bila kuulizwa. Mama anayeuza omena na mboga kando ya njia saa mbili usiku, akiwa na taa ya sola na watoto wakicheza miguuni, ni ulinzi kuliko askari anayesinzia kwenye kibanda.

Taa ya sola ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mvua za Kisumu hupenda kuja na ngurumo alasiri na jioni, na umeme hukatika nazo. Njia inayotegemea taa za stima peke yake itakuwa giza siku hiyo hiyo unayorudi umelowa na mkoba umeukumbatia.

Mara ya tatu ni baada ya mvua kubwa. Udongo mweusi wa Nyamasaria na sehemu za Nyalenda hugeuka matope mazito, boda hukataa kuingia, na mita 400 ulizozoea kubebwa unazitembea peke yako, viatu mkononi. Karibu na mito ya Auji na Nyamasaria, na mabonde yanayoshuka ziwani, tazama kuta za nyumba: mstari wa rangi ya tope hukuonyesha maji yalikofika. Mwaka 2020 ziwa lilipanda sana likaingia makazi ya Dunga na sehemu nyingine za ufukweni, kwa hiyo uliza waziwazi, "Maji ya 2020 yalifika wapi hapa?" Ukija kiangazi na huwezi kusubiri mvua, mstari huo na swali hilo vitatosha.

Kuna jambo la nne lisilohitaji kutembea. Maandamano yakitokea Kisumu, Kondele huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kufungwa, na moshi wa vitoa machozi hauchagui mwanafunzi na mwandamanaji. Kondele siku za kawaida ina faida zake: watu hadi usiku, magari, taa, chakula. Lakini kama njia yako ya pekee inapita kwenye mzunguko wa Kondele, tafuta ya pili na uipite siku ya amani. Tena weka chumbani unga, maji na tokeni za umeme za siku tatu. Siku ya ghasia hakuna anayepaswa kutoka kutafuta nyanya.

Hatua ya 4: Uliza, lakini usiulize kuhusu usalama

Ukimuuliza mtu "Hapa kuna usalama?" atasema upo, kwa sababu ni kwao. Nunua kwanza kitu kidogo, salimia vizuri, kisha uliza kuhusu maisha yake:

"Habari ya jioni, mama. Unafungaga saa ngapi?"
"Saa mbili, mbili na nusu."
"Ukifunga unapita hii njia ya chini?"
"Hapana, mimi hupitia juu, kwa kanisa."

Hilo la "hupitia juu" ndilo ulilolifuata. Waulize watatu wasiojuana: muuza mboga, mwendesha boda wa steji, na msichana anayeishi humo humo na anayesoma. Huyo wa tatu usimkose, hata kama wewe ni mvulana. Wasichana huijua ramani ya giza ya mtaa kuliko mtu yeyote. Salamu za Kijaluo hufungua milango: "Oyawore" asubuhi, "Oimore" jioni, na "Erokamano" ukishukuru. Hakuna atakayekudhania mwenyeji, ila utajibiwa kwa urefu zaidi.

Kwa mwendesha boda, swali ni bei: "Kutoka steji hadi kwa ile ploti usiku ni ngapi?" (Ploti ni ua wenye vyumba vya kupangisha.) Bei ikiruka maradufu baada ya saa mbili, uliza sababu. Akikataa kabisa kuingia, usimsumbue, umeshaelewa.

Hatua ya 5: Kagua ploti na chumba kwa mikono yako

Geti kwanza. Hufungwa saa ngapi, na nani ana ufunguo? Geti linalofungwa saa tatu ni zuri kwa kila mtu isipokuwa mwanafunzi anayetoka maktaba saa tatu na robo, ambaye ataachwa nje akigonga, na wezi hupenda kumkuta mtu akigonga geti. Omba ufunguo wako mwenyewe kabla ya kulipa, si baadaye.

Maji na choo ni mambo ya usalama, wala si ya starehe tu. Ikiwa mfereji ni wa nje na maji hutoka usiku pekee, wewe ndiye utakayesimama na mtungi wa lita 20 saa nne usiku. Choo cha nje kiwe ndani ya ukuta, kisizidi hatua 20 kutoka mlangoni, kiwe na balbu inayowaka na komeo la ndani. Kisipokuwa na moja kati ya hayo, dai lirekebishwe kabla hujahamia. Baada ya kuhamia utaambiwa "kesho" hadi muhula uishe.

Mlango: uvute na uusukume ukiwa umefungwa. Ukicheza zaidi ya unene wa kidole, fremu imelegea. Mlango wa chuma wenye komeo pana la ndani ni bora kuliko wa mbao wenye kitasa kizuri. Ukifunguka kwa nje, angalia bawaba: zikiwa nje na pini zake zinatoka, mtu ataung'oa mlango na kufuli likiwa limefungwa vizuri.

Dari wengi hawalikagui. Katika vyumba vya safu vya mabati, kuta za ndani mara nyingi haziendi hadi paa, na dari jepesi huunganisha vyumba vyote kama sebule moja ya wezi. Simama kimya katikati ya chumba, jirani akiwa amewasha redio. Sauti ikikujia kutoka juu kuliko ukutani, ukuta haukufika paani. Mtu aliyepanga chumba cha tano anaweza kushuka chumba cha pili bila kugusa kufuli.

Dirisha liwe na vyuma, lakini vyuma havizuii ufito wenye ndoano. Usiku wa joto, na Kisumu ni joto, dirisha likiachwa wazi simu huvuliwa kama ngege. Upana kati ya chuma na chuma usizidi ngumi yako, waya wa mbu uwe mzima, na kitanda, meza ya laptopu na soketi ya kuchajia viwe upande usiofikika kutoka dirishani. Ghorofa ya kwanza inashinda ya chini kwa hili. Lakini chumba chenye mlango mmoja na dirisha la vyuma visivyofunguka kina njia moja tu ya kutokea moto ukizuka, kwa hiyo jiko la gesi lisikae kati ya kitanda na mlango. Na makaa usilale nayo ndani kamwe: hewa yake huua aliyelala bila kumwamsha.

Chandarua beba. Malaria ya ukanda wa ziwa haitaki mjadala.

Hatua ya 6: Pesa na karatasi

Ulaghai wa hapa una sura moja. Picha nzuri mtandaoni, kodi ya chini kidogo ya soko, "mwenye nyumba yuko Nairobi," na wengine watano wanaokitaka chumba leo hii. Kisha utaambiwa, "Tuma amana kikushikiliwe." Usitume hata shilingi kabla mlango haujafunguliwa kwa ufunguo mbele yako ukaingia chumbani. Ajenti huenda akadai ada ya kukutembeza; akiitaka kabla hata hajasema ploti iko wapi, achana naye.

Ukiwa pale, fanya haya kwa mfuatano. Muulize mpangaji wa chumba kingine anamlipa nani na kwa namba ipi. Linganisha na namba uliyopewa. Ukiingiza namba hiyo kwenye M-Pesa, soma jina linaloonyeshwa kabla muamala haujakamilika. Lisipofanana na la mwenye nyumba au msimamizi, simama. Ukikosea namba, sambaza mara moja ujumbe wa muamala huo kwa 456 uombe urejeshewe, maana pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurejesha. Tapeli mripoti kwa 333.

Lipa kodi ya mwezi mmoja na amana, basi. Kulipa muhula mzima ili "usisumbuliwe" kunakufunga: ukigundua wiki ya pili kwamba njia haipitiki, pesa yako ndiyo itakayokulazimisha uendelee kuipita. Risiti itaje jina la ploti, namba ya mlango, mwezi, kodi na amana kando kando, na sahihi. Piga picha kila ufa, kila kioo kilichovunjika na namba ya mita ya umeme, uzitume kwa msimamizi siku hiyo hiyo ili usije ukalipishwa kwa vya waliokutangulia.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Siku ya kuhamia, kabla ya kutandika kitanda, badilisha kufuli. Mpangaji aliyetoka, mpenzi wake na fundi wa rangi wote wanaweza kuwa na nakala. Hamia mchana, na laptopu iingie ndani ya mkoba wa nguo, si mkononi ploti nzima ikitazama.

Piga *#06# uandike IMEI (namba ya utambulisho) ya simu yako daftarini, pamoja na namba ya serial iliyo chini ya laptopu. Ukiibiwa, polisi watazihitaji. Kuripoti hakulipiwi, na usiondoke kituoni bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwani bila hiyo ni kama hukufika. Za dharura ni 999 na 112; ukatili wa kijinsia ni 1195, bila malipo. Ongeza namba ya msimamizi, ya jirani mmoja, na ya waendesha boda wawili wa steji unaowajua kwa sura. Mwenyekiti wa steji ndiye wa kumuuliza uwachague wepi. Ukipanda usiku, mpigie mwenzako ukiwa unapanda na umsomee namba ya pikipiki kwa sauti, dereva akisikia.

Njia ipite upya kila baada ya wiki chache kwa macho ya mgeni. Kibanda cha omena kikibomolewa, taa ikiungua isibadilishwe, au ploti ya jirani ikihamwa, hatua zako 100 zimekuwa 300 bila wewe kusogea. Hapo toa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, weka nakala, na umwite msimamizi akague chumba nawe siku ya kutoka, ufunguo ukiwa bado mkononi mwako hadi amana irudi.